Mwani wa Mzazi Haukunjwi

Simu ililia Pyo Mansik akiwa amechuchumaa uani, anageuza pilipili. Ilikuwa mwisho wa Agosti. Mikeka ilikuwa imejaa ua mzima, nyekundu mpaka macho yanauma. Akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea.

"Baba," akasema binti yake, Miran, kutoka Daegu. "Amezaliwa. Wa kike. Juzi, kwa kisu."

"Juzi," Mansik akasema.

"Sikutaka kukutia wasiwasi. Wote tuko salama. Kesho tunatoka hospitali. Baba yake yuko kwenye kiwanda cha meli mpaka Jumamosi. Utakuja, Baba?"

Mansik akatazama mikeka. "Pilipili hazijakauka."

"Haya. Hapa sisi wazazi tunapewa supu ya mwani asubuhi, mchana na jioni. Kama maji ya kuoshea vyombo. Nilitaka ya Mama. Basi tu."

Simu ikakatika. Mama ambaye angeipika supu hiyo alikuwa juu ya kilima, miezi kumi na mmoja sasa, chini ya tuta ambalo nyasi zake zilikuwa bado hazijashikana. Okbun. Yeye naye, akichoka kuomba kitu, alikuwa anamalizia hivyohivyo. Basi tu.

Kichwa cha Mama Giho kikatokeza juu ya ukuta. Jirani huyu hakuwa na haja ya kuambiwa kitu mara mbili, hata mara moja ilikuwa nyingi.

"Miran kazaa?"

"Kazaa."

"Nini?"

"Wa kike."

"Na wewe umekaa hapo kama kuku anaatamia. Unangoja nini?"

"Pilipili..."

"Pilipili! Zangu nazigeuza, zako zitanishinda? Nenda pwani, Jukbyeon, ukachukue mwani, upande basi uende kwa mtoto."

"Mimi si mtu wa kununua mwani, Mama Giho."

"Ndiyo mtu gani huyo, asiye mtu wa kununua mwani?"

Mansik akainama, akaendelea kugeuza pilipili ambazo alikwisha kuzigeuza.

Lilikuwa jambo la miaka arobaini na mitatu. Wakati ule Mansik alikuwa kijana, anakata magogo milimani na wenzake saba, na Okbun alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane. Mama yake Mansik akamwambia, "Mkishuka pwani, lete mwani wa mzazi." Hakusema zaidi. Nani asiyejua? Mwani wa kula tu hufungwa kama mto wa kulalia, ukapigwa bei mpaka mwuzaji akasirike. Wa mzazi huchukuliwa kama ulivyo, mrefu kama mlango, na bei haibishaniwi. Haukunjwi. Ukiukunja umeikunja njia ya mtoto.

Akaununua, akauweka begani. Alipofika kwenye kona ya duka la pombe akasikia wenzake ndani. Gu Bongtae alikuwamo, mtu wa kuchekesha watu. Kulikuwa na mwenzao mmoja ambaye siku moja alibeba nepi za mwanawe. Bongtae akamwita Shangazi, na jina likamganda mpaka alipokufa.

Mansik alisimama pale kwenye kona. Akauweka mwani gotini, akaukunja. Ukalia, kra. Akaukunja tena, kra. Mara ya tatu ndipo ukaenea ndani ya koti. Akafunga vifungo, akaingia.

"Wee Mansik," Bongtae akasema, "umenenepa njiani?"

Wakacheka. Naye akacheka.

Nyumbani, mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, hakuona kitu. Okbun ndiye aliyeupokea, akaukunjua, akautundika ukutani mahali pake. Mansik alikuwa anavua viatu. Alikawia sana na viatu siku hiyo.

Mtoto alikawia wiki mbili. Alipokuja alikuja kwa siku mbili nzima, miguu mbele. Wa kiume. Hakulia. Mansik alimzika mwenyewe nyuma ya kilima, bila tuta na bila jina, maana hivyo ndivyo walivyozikwa wasiolia.

Aliporudi alimkuta mama yake amekaa kizingitini.

"Huyu aliruka kamba ya ng'ombe," mama yake akasema. "Ndiyo maana mimba ilipitiliza kama ya ng'ombe."

"Sikuruka, Mama," Okbun akasema toka ndani. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mansik, wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku. Aliruka, hakuruka?"

Mansik alijua hakuruka. Alikuwa amemwona, na tumbo lake lile, akizunguka banda zima ili asiikaribie kamba. Alijua pia ni nini kilichokunjwa, na kilikunjwa na nani.

"Sijui," akasema.

Akachukua shoka, akaenda kuchanja kuni.

Mwani ukashushwa ukutani. Supu ile ni ya mwenye mtoto, mama yake akasema, na Okbun akapewa supu ya majani ya figili. Tangu hapo kila kilichoharibika kwenye nyumba ile kiliharibiwa na kamba. Ng'ombe akiumwa, ni kamba. Mvua ikikawia, ni kamba. Maziwa ya mbuzi wa jirani yakikauka, mama yake anamtazama Okbun. Mansik alikuwepo mezani, anakula.

Miran alipokuwa njiani, miaka minne baadaye, Okbun hakumtuma mtu. Alipanda basi mwenyewe, na tumbo la miezi minane, akarudi na mwani kichwani, umenyooka kama ubao. Mansik alikwenda kumpokea kituoni. Halafu akatangulia mbele hatua kumi, asionekane wako pamoja, mpaka nyumbani.

Hakumwambia. Alikusudia kumwambia wakati wa mavuno ya shayiri, ukapita. Alikusudia mama yake akifa. Mama yake akafa. Alikusudia siku Okbun alipotimiza miaka sitini, lakini watu walikuwa wengi na pombe ilikuwa nyingi. Mwisho hospitali, Okbun ana mipira puani, wamebaki wawili chumbani. Mansik akasogeza kiti. Akafungua mdomo.

"Unataka maji?" akamwuliza.

Alitaka. Akampa.

Kwa hiyo haikuwa pilipili. Aliona mkono wake ulivyoshika mwani ule wa kwanza, na sasa mkono huohuo upeleke mwingine kwa Miran, aliyezaa na miaka thelathini na tisa na amepasuliwa tumbo? Mkosi una kazi gani kwa mzazi? Ndivyo alivyojiambia mchana ule. Lakini kila alipogeuza mkeka alisikia, Nilitaka ya Mama. Basi tu.

Asubuhi akavaa koti jembamba, akamkabidhi Mama Giho mikeka.

"Kumbe ni mtu wa kununua mwani," Mama Giho akasema.

"Usizirundike," Mansik akasema.

"Nenda zako."

Sokoni Jukbyeon mwuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia ya jua. "Wa kula au wa mzazi?" akauliza, bila kumtazama.

Mansik akatazama pembeni. "Wa mzazi."

Hapo mwanamke akainua macho, akaziona mvi. "Mkeo kajifungua, babu? Una nguvu wewe!"

Wauzaji wengine wakaangua kicheko.

"Binti yangu."

"Hongera! Basi huo. Nimekutolea wa mwambani huo, si wa kufugwa." Akaufunga kwa kamba ya majani ya mpunga, taratibu, sehemu mbili, bila kuubana. "Mama yake hakuweza kuja?"

"Hayupo."

"Aa. Pole." Akamwekea begani. "Unajua unavyobebwa?"

"Najua," Mansik akasema, na uso ukamwaka.

Dereva wa basi la Daegu hakuupenda. "Mzee, hiyo mbao yako unakwenda nayo wapi?"

"Mwani."

"Ukunje basi, uweke juu."

"Haukunjwi."

"Kila kitu kinakunjika, mzee. Mimi mwenyewe nimekunjika hapa tangu saa kumi na moja."

Watu wakacheka. Mansik alisimama mlangoni, mwani begani, na nyuma yake watu wanasubiri kupanda. Kicheko kilikuwa kilekile. Masikio yalimchoma kama siku ile kwenye kona. Mkono wake ukashuka, ukaushika mwani katikati, pale pa kukunjia. Akausikia mkavu chini ya vidole.

"Ni wa mzazi," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Binti yangu amejifungua."

"Wewe dereva!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Mama yako alikuzaa kwa kunywa soda? Mwache mzee apite!"

Wanawake wanne wa kiti cha nyuma wakaupokea, wakaulaza mapajani mwao kama mtoto mrefu. Mansik akakaa mbele yao. Hawakumwacha.

"Wa kiume, wa kike?"

"Wa kike."

"Mwambie asishike maji baridi. Hata akisikia joto la kufa, asishike."

"Na nyama ya kwenye supu aikate ndogondogo."

"Kapasuliwa? Basi asiinue kitu. Wewe ndiye utakayeinua."

Kisha mmoja, mwembamba, mwenye meno mawili ya dhahabu, akawaambia wenzake, "Mnamwona? Mwanamume kabeba mwani mchana kweupe. Wa kwangu angekufa kwanza. Wanaume kama huyu hawazaliwi tena."

"Mkewe alipata bahati," akasema mwingine.

Mansik akageukia dirishani. Kejeli za Bongtae zote hazikumwuma kama maneno yale. Alitaka kusema sivyo, mama, sivyo kabisa. Akatazama mashamba mpaka shingo ikakakamaa.

Miran alifungua mlango amejikunja kidogo, mkono tumboni. Amevimba uso, nywele zimesimama. Hakusalimia. Alitazama begani mwa baba yake, akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya mwani, toka mwanzo mpaka mwisho, kama anayesoma.

"Haujakunjwa," akasema.

"Hapana."

"Ingia, Baba. Njoo umwone Kongi."

Kongi, Haragwe, lilikuwa jina la tumboni. La kuandikishwa walikuwa bado hawajalichagua. Mtoto alikuwa amelala, amekunja ngumi mbili. Mansik alimtazama toka mbali, mikono mgongoni.

"Hang'ati," Miran akasema.

"Nimetoka safari. Mikono ina vumbi." Akaenda jikoni.

Kazi ya jikoni aliijua kwa kuona tu, miaka arobaini na kitu ya kukaa mezani. Aliona Okbun akiloweka mwani, akaloweka mwani. Wote. Akatia maji, akageuka kukata nyama ndogondogo kama alivyoagizwa. Alipogeuka tena, karai lilikuwa limefurika na mwani unashuka pembeni, unatambaa juu ya sakafu. Akatia sehemu kwenye sufuria. Sufuria ikajaa. Akatia kwenye ndoo. Alipokosa pa kutia, akaona beseni zuri la buluu nyuma ya mlango.

"Baba!" Miran alikuwa amesimama mlangoni, anashikilia ukuta. "Umeloweka wote?"

"Kwani unalowekwa nusu?"

"Kama kiganja, Baba! Kipande kama kiganja! Huo ni wa..." Akashindwa kumalizia. Akakandamiza mto kwenye mshono, akacheka mpaka machozi. "Usinichekeshe, nitapasuka. Na utoe mwani kwenye beseni la mtoto!"

Mansik akautoa. Akakamua sehemu moja, akaanza kuukaanga kwa mafuta ya ufuta, mgongo kwa binti yake. Miran alikaa kitini, bado anapumua kwa shida. Chumba kilinukia kama nyumba ya Okbun ilivyokuwa inanukia.

Akaona kwamba, akigeuka, hatasema. Hakugeuka.

"Wa kaka yako," akasema, "niliukunja."

Miran akaacha kucheka.

"Mara tatu. Niliona haya kwa wenzangu. Nikautia kwenye koti." Akageuza mwani sufuriani. "Halafu bibi yako akasema mama yako ameruka kamba. Akaniuliza mimi. Nikasema sijui. Nilikuwa najua."

Mafuta yalichemka.

"Najua, Baba," akasema.

Kijiko kikasimama.

"Mama aliniambia nilipoolewa. Alisema mume wangu akienda kununua mwani, nimwambie asivae koti."

"Aliona?"

"Siku ileile. Mikunjo mitatu. Alisema mwani haukumwua yule. Alikaa vibaya tu tumboni, hata mkunga alimwambia. Mama hakuwa na neno na mwani."

"Sasa mbona hakusema?"

"Alikuwa anakungoja wewe useme. Si habari ya mwani. Ya kamba. Bibi alipokuwa anamtukana, Mama alikuwa anakutazama wewe. Hukumwona anakutazama?"

Mansik alikuwa amemwona. Kila mara. Ndiyo maana alikuwa anatazama bakuli.

Akashika ukingo wa jiko. "Alingoja mpaka lini?"

"Mwenyewe hakujua. Alisema siku moja anachuma pilipili, akakumbuka kwamba siku nyingi hajangoja. Imepita tu. Akacheka peke yake shambani, wewe uko mstari wa pili, ukamwuliza anacheka nini."

Aliikumbuka siku hiyo. Okbun alikuwa na kitambaa cha njano kichwani. Alimjibu, "Hamna, Baba Miran. Chuma." Miaka mingi wamekula, wamelala, wamechuma pilipili, yeye akilibeba la kwake kila siku na kulitazama, na mwenzake amekwisha kulitua, yuko pale mstari wa kwanza, mikono mitupu. Na yeye hakuwa pamoja naye.

"Alinikataza nisikwambie," Miran akasema. "Alisema utaona aibu."

"Naona."

"Ona. Sikukatazi, ni yako." Miran akaukumbatia mto wake. "Lakini sasa hivi unaunguza, Baba, na mimi tangu asubuhi sijala."

Kweli, moshi ulikuwa umeanza. Mansik akamimina maji, yakafoka. Akatia nyama, kitunguu saumu, sosi ya soya. Akakoroga. Macho yalimwuma, na moshi ulikuwepo wa kusingiziwa.

Supu ilipoiva alijaza bakuli la kwanza, akasimama nalo. La kwanza ni la Bibi wa Uzazi, anayewaleta watoto na kuwalinda, na kumtolea ni kazi ya mama wa mzazi. Miran hawezi kuinama. Akatafuta kimeza, akapanga wali, supu na bakuli la maji safi, akakiweka karibu na kichwa cha mtoto, akapiga magoti.

Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa na maneno ya kumwambia Bibi huyu. Aliyapanga milimani, aliyapanga shambani. Akasugua viganja kama alivyokuwa anafanya mama yake. Mtoto akapumua, akatoa ulimi, akaurudisha.

"Bibi," Mansik akasema. "Mtoto amelala. Mama yake ana njaa. Supu imeungua kidogo."

Akangoja kama kuna jingine. Hakikuja kitu.

"Ndiyo hivyo," akasema, akainama mpaka chini.

Miran alikula, bakuli limemfunika uso. Mansik alikaa mbele yake, anamtazama anavyomeza.

"Chumvi imezidi," Miran akasema.

"Kesho nitapunguza."

"Na huo ulioloweka ni wa mwezi mzima."

"Nitakaa mwezi."

"Na pilipili?"

"Ziko na Mama Giho. Atazirundika tu, namjua."

Hapo mtoto akaamka, akalia. Alilia kwa nguvu zote, uso mwekundu, miguu inapiga blanketi. Mansik akasimama wima kama aliyeitwa mahakamani. Akamtazama Miran.

"Unanitazama nini? Mimi nina bakuli. Mchukue."

"Sijanawa..."

"Umepika supu ndoo tatu, hujanawa? Mchukue, Baba."

Akamchukua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na wa moto, na kelele zake zilimwingia sikioni moja kwa moja. Masikio yake Mansik yalikuwa bado yanawaka, na aibu haikuwa imekwenda popote. Akamweka mtoto begani hivyohivyo, akaanza kutembea naye, dirishani na kurudi, dirishani na kurudi.